Kumfundisha mtoto nyumbani: sheria ya inchi yetu inasema nini?



Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, wazazi wengine hapa Murara wanauliza kama wanaruhusiwa kuacha shule na kuwafundisha watoto nyumbani. Wengine wanaogopa njia, wengine wamekosa feza. Swali lao ni la haki.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema mambo mawili ambayo tunapaswa kuyasoma pamoja. Kwanza, wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Pili, masomo ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure. Elimu ya taifa inayotajwa hapo ni ya shule za serikali na shule za watu binafsi zilizokubaliwa. Nyumba haitajwi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inafuata njia hiyo hiyo.

Basi, haki ya kuchagua ni ya kweli, lakini si ruhusa ya kumwacha mtoto bila masomo. Mzazi hawezi kuandika buletini itakayokubaliwa na serikali. Ni kweli, kwa diploma ya Serikali kuna njia ya waliojisomea wenyewe. Lakini hiyo ni ya mwisho wa sekondari, haimsaidii mtoto wa miaka saba.

Tutofautishe kusaidia na kuchukua nafasi ya shule. Mwaka 2020, shule zilipofungwa juu ya Korona, Radio Okapi ilipeleka masomo nyumbani. Watoto walisikiliza, lakini majina yao yalibaki shuleni.

Tufanye vilevile:
- Usiondoe jina la mtoto shuleni. Ongea kwanza na mkurugenzi.
- Tunza buletini zote, hata ukikimbia.
- Ukihamia mahali pengine, tafuta shule ya karibu mapema.
- Jioni, rudilia masomo pamoja na mtoto.

Tangu mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, sisi Waprotestanti tunaongoza shule chini ya sheria za inchi. Kwa hiyo kanisa lisiseme tu «pelekeni watoto»; limtafute pia yule aliyebaki nyumbani juu ya umaskini.

Kumbukumbu la Torati 6 inawapa wazazi kazi ya kufundisha Neno nyumbani. Shule haiondoi kazi hiyo, wala kazi hiyo haiondoi shule.