Forodhani na Mizingani: Bandari ya kale iliyogeuzwa bustani ya wananchi

Neno forodha humaanisha mahali panapotozwa ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka nchini. Kutokana na neno hilo limepatikana jina la Forodhani, ukanda wa pwani ulio mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Leo hakuna shehena inayoteremshwa hapo wala karani anayehesabu magunia ya karafuu. Jua linapotua, wauzaji huwasha taa na majiko yao, na wakaazi wa mji pamoja na wageni hukusanyika kula urojo na mishkaki, kunywa juisi ya miwa na kupunga upepo wa bahari.

Mabadiliko hayo hayakutokea kwa bahati. Ni matokeo ya kuhama kwa bandari, ya miradi ya ukarabati iliyotekelezwa kwa awamu, na ya kazi kubwa iliyofanyika chini ya ardhi na ndani ya kuta, mahali ambapo macho ya mpita njia hayafiki. Makala haya yanaeleza jinsi ukanda wa Forodhani na Mizingani ulivyofikia hali yake ya sasa, na kwa nini uhai wake unategemea matunzo ya kila siku.

Lango la biashara ya Bahari ya Hindi

Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kutoka Maskati, Zanzibar ilikua na kuwa kituo kikuu cha biashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalitia nanga mbele ya mji, nayo yakarejea kwa kusi yakiwa na karafuu, pembe za ndovu na sandarusi. Biashara hiyo ilihusisha pia watumwa, hadi Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku kusafirishwa kwao baharini na kufunga masoko yao.

Ushuru ulikuwa nguzo ya mapato ya dola. Mkataba wa biashara uliofungwa na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa na wafanyabiashara wa nchi hiyo. Ukusanyaji wenyewe ulikodishwa kwa wafanyabiashara wakubwa wenye asili ya Bara Hindi, ambao waliilipa dola kiasi kilichokubaliwa na kubaki na ziada. Aliyeshika forodha alikuwa miongoni mwa watu wenye uwezo mkubwa mjini, na mbele ya forodha hiyo ndipo masultani walipojenga kasri zao.

Bandari yahamia Malindi

Kwa muda mrefu Zanzibar haikuwa na gati la kuegesha meli kubwa. Meli zilisimama mbali na ufukwe, na abiria na mizigo vilishushwa kwa mashua hadi mchangani. Hali ilibadilika wakati wa utawala wa Uingereza, pale gati lilipojengwa Malindi, upande wa kaskazini wa mji, katika miaka ya 1920. Shughuli za mizigo zikasogea huko, na ufukwe uliokuwa mbele ya kasri na ngome ukabaki bila kazi yake ya awali. Katika miaka ya 1930 sehemu hiyo ilifanywa bustani ya umma, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaendelea kuwa mahali pa mapumziko kwa wananchi wa rika zote.

Bandari ya Malindi ingali inafanya kazi, hasa kwa boti za abiria zinazotoka Dar es Salaam na Pemba. Kwa kuwa imebanana na mji wa kale, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeweka mpango wa kujenga bandari mpya Mangapwani, ili kupunguza uzito wa shughuli za mizigo katika eneo la urithi.

Majengo yanayosimulia historia

Anayetembea kutoka Malindi kuelekea kusini kwa Barabara ya Mizingani hukutana kwanza na Zahanati ya Zamani, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, mfanyabiashara aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Jengo hilo lilikuwa limechakaa sana kabla ya kufanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, na likawa mfano wa kwanza mkubwa wa namna nyumba ya kale inavyoweza kupewa matumizi mapya bila kupoteza sura yake.

Mbele kidogo upo Mtini, mti mkubwa unaoelezwa kupandwa mwaka 1911, ambao kivuli chake kimewahifadhi mafundi wa vyombo vya bahari na manahodha wa boti. Hufuata Forodha ya Zamani, ambako Hamoud bin Mohammed alitangazwa kuwa Sultani mwaka 1896. Jengo hilo nalo lilikarabatiwa, na kwa miaka mingi lilitumika kufundishia muziki, ukiwemo taarab.

Baada ya hapo huonekana Beit al-Sahel, kasri lililogeuzwa makumbusho mwaka 1994, na Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Kati ya majengo hayo mawili palikuwa na kasri la tatu, Beit al-Hukm, lililobomolewa na mizinga ya manowari za Uingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Jirani yake ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa katika pwani hii. Leo uwanja wake hupokea tamasha la filamu la ZIFF na tamasha la muziki la Sauti za Busara. Mbele ya ngome ndiyo Bustani ya Forodhani.

Ukarabati wa Bustani ya Forodhani

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata bustani ilikuwa katika hali duni: njia zilibomoka, taa zilikuwa chache, maji ya mvua yalituama, na wauzaji wa vyakula walifanya kazi bila miundombinu ya kutosha ya maji na usafi.

Kazi ya kuikarabati ilianza mwaka 2008 kwa ushirikiano kati ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, na bustani ikafunguliwa upya Julai 2009. Mifereji ya maji machafu na ya mvua ilijengwa, ukuta wa bahari ulioikabili bustani uliimarishwa, taa na njia mpya ziliwekwa, na wauzaji wakatengewa eneo lililopangwa.

Uamuzi wenye uzito kuliko yote ulikuwa wa kuwarejesha wauzaji waliohamishwa kwa muda wakati wa ujenzi. Katika miji mingi duniani, bandari ya kale inapofanywa upya, thamani ya ardhi hupanda na watu wa kipato cha kawaida hujikuta hawana nafasi tena. Forodhani ilibaki bila kiingilio, na mtoto wa Ng'ambo huingia kwa haki ileile aliyonayo mgeni wa hoteli.

Ukuta unaoukinga mji

Kwa upande wa Mizingani tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Ukuta wa bahari uliojengwa zama za ukoloni ulikuwa umechoka. Katika pwani ya Zanzibar, tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4. Mara mbili kwa siku maji hupanda na kushuka dhidi ya ukuta. Nyufa zinapotokea, maji hupenya nyuma yake na yanapopwa huondoka na mchanga na kifusi kilichojazwa. Barabara hubaki imeegemea uwazi, kisha hutitia bila kutoa onyo. Mifereji nayo, ambayo humwaga maji baharini, huzidiwa pale mvua kubwa inapokutana na maji kujaa.

Kupitia Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, ZUSP, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukuta wa Mizingani ulijengwa upya katika muongo wa 2010 pamoja na njia pana ya waenda kwa miguu. Wananchi wengi huifahamu njia hiyo kama mahali pa matembezi na pa vijana kurukia majini. Lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia bahari isile msingi wa kasri na nyumba zilizo nyuma yake.

Funzo la Beit al-Ajaib

Gharama ya kuchelewa ilionekana tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wa saa, ilipoporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Miaka kadhaa kabla ya hapo sehemu za jengo zilikuwa zimekwisha kuanguka, na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa.

Tukio hilo linafafanua udhaifu wa majengo ya Mji Mkongwe kwa jumla. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo zinahitaji kupumua. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chokaa hulegea na ncha za boriti zilizo ukutani huoza. Chuma nacho, kikiwa karibu na bahari, huliwa na chumvi, kikatanuka na kupasua jiwe kilichoshikamana nalo. Jengo linaweza kuonekana zima kwa nje huku likiwa limekwisha kufa ndani.

Wajibu wa mwananchi

Usimamizi wa eneo lote uko chini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Anayetaka kujenga, kubomoa, kubadili mlango au roshani, au kufungua biashara ndani ya jengo la kale anatakiwa kupata kibali kabla ya kuanza kazi. Masharti hayo huonekana mazito kwa familia yenye kipato kidogo inayoishi katika nyumba inayovuja, lakini ukarabati wa kiholela unaweza kuidhuru nyumba hiyo zaidi na kuhatarisha ya jirani iliyoegemeana nayo ukuta.

Yapo pia mambo yasiyohitaji kibali. Kutotupa taka katika mifereji huyapa maji ya mvua njia ya kwenda baharini. Kuziba paa mapema huokoa boriti. Kutoa taarifa ya ufa mpya ukutani au ya barabara iliyotitia Mizingani huwapa wahandisi nafasi ya kurekebisha kasoro ikiwa bado ndogo.

Hadhi ya Urithi wa Dunia inaweza kuwekwa hatarini na hata kuondolewa. Lakini kabla ya hapo kuna hasara iliyo karibu zaidi: muuzaji wa Forodhani, nahodha wa Mtini na mlinzi wa makumbusho hupata riziki kutokana na ukanda huohuo, na ukanda huo unasimama juu ya ukuta ambao bahari huupiga kila siku.