Sinia Moja, Miili Mitatu



Ijumaa baada ya swala, katika nyumba nyingi za mwambao wetu, sinia huteremshwa mkekani. Wali wa nazi umerundikwa katikati, mchuzi wa samaki pembeni, kachumbari, achari na ndizi za kuivia. Wanawake wa nyumba hulizunguka, mama na binti zake, na mikono hukutana pale pale. Ni desturi tunayoipenda, na hatukusudii kumtenga mtu na wenzake. Tunalouliza leo ni hili: je, tonge lile lile hufanya kazi ile ile katika mwili wa kila aliyelikalia sinia lile?

Tupige mfano wa nyumba moja. Mama ana miaka 52 na hedhi yake imekoma mwaka jana. Usiku huamka amelowa jasho, na magoti yamuuma. Binti mkubwa ana miaka 28, ameolewa miaka mitatu na hajajaaliwa mtoto. Hedhi yake huja mara nne au tano kwa mwaka, na chini ya kidevu zaota nywele ambazo huzing'oa kwa siri kabla mumewe hajaamka. Mdogo wake ana miaka 22. Yeye damu humtoka kwa wingi siku nane au tisa kila mwezi, naye huona kizunguzungu akipanda ngazi. Nyumba hii ni ya mfano tu, wala hatumsemi mtu. Lakini tangu Vanga hadi Lamu, ni mtaa gani usio na nyumba kama hii?

Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu: chakula cha kusawazisha homoni za mwanamke. Acha wanga wote, acha nyama, acha maziwa, na kila baada ya mlo kunywa chai ya rangi yenye tangawizi. Wote watatu wakaufuata kwa moyo mmoja. Mkubwa alivumilia wiki tatu, kisha siku ya harusi njaa ikamshinda, akala kwa siku moja alichojinyima kwa siku ishirini, akajilaumu. Mdogo kizunguzungu kikamzidi. Mama naye, aliyehitaji maziwa kuliko wote, ndiye aliyeyaacha. Shauri lilikuwa moja, na kila mmoja lilimkosa kwa njia yake.

Kwa nini ikawa hivyo? Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri katika damu, zikiamrisha hedhi ije lini, sukari itumike vipi, mifupa ijengwe au ipunguzwe. Jina ni moja, lakini shida za homoni ni nyingi, wala hazitibiwi kwa sahani moja.

Tuanze na binti mkubwa. Dalili zake zafanana na za maradhi ya ovari yaitwayo kwa kifupi PCOS, ambayo humpata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye maradhi haya hawajui kuwa wanayo. Kwa wengi wao mwili hauisikii vyema insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Kongosho basi huongeza insulini, na insulini ikizidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Hapo yai hukawia kupevuka, hedhi hupotea, chunusi na ndevu hutokea. Hili si jini, si husuda, wala si adhabu. Wala halimpati mnene peke yake; wembamba pia wanalo.

Kwa mwanamke kama huyu, mahamri manne na chai yenye vijiko vitatu vya sukari asubuhi ni mzigo kwa insulini. Si lazima aukimbie wanga wote. Mwongozo wa kimataifa wa maradhi haya, uliotolewa mwaka 2023, ulisema wazi kuwa haukupatikana ushahidi kwamba aina moja ya mlo yashinda nyingine. Bora ni ule mlo kamili ambao mtu ataweza kuishi nao. Basi na ale hamri moja kwa mbaazi, chai isiyo na sukari au yenye kidogo, na baada ya chakula atembee dakika kumi au kumi na tano. Mwenye uzito uliozidi, akipunguza hata asilimia 5, yaani kilo nne kwa mwenye kilo 80, huenda hedhi ikaanza kurudi kwenye mpango wake.

Mdogo wake shida yake ni nyingine. Anayetokwa damu zaidi ya siku saba, au anayelazimika kubadilisha sodo kila saa moja au mbili, anapoteza madini ya chuma. Kipimo cha damu kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, hiyo ni upungufu wa damu. Huyu ahitaji nyama, maini, samaki, pojo, kunde na mchicha, na akamulie ndimu juu yake, kwani vitamini C husaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Ile chai ya rangi baada ya kila mlo ndiyo adui yake, maana hukizuia chuma. Ainywe baada ya saa moja au zaidi. Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi: lazima ijulikane damu yatoka kwa wingi kwa sababu gani, na huenda akahitaji vidonge vya chuma.

Kwa mama, estrojeni imeshuka, na mifupa hupungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Yeye ahitaji maziwa au mtindi, dagaa wanaoliwa na miiba yao, na mboga za majani. Ahitaji pia jua, kwani ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua. Kwa mwanamke anayejisitiri, ua wa nyumba una faida yake: akae humo kitambo, mikono na miguu wazi, pasipo jicho la mgeni.

Kwamba miili hutofautiana si maneno ya kukisia. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 1,000 wa Uingereza na Marekani, wengi wao mapacha, waliolishwa milo iliyofanana. Sukari na mafuta katika damu vilipanda kwa viwango vilivyotofautiana sana, hata kwa mapacha wa kufanana kabisa. Ikiwa pacha hamithilishi pacha mwenzake, vipi dada awe kipimo cha dada, au jirani kipimo cha jirani?

Hatusemi basi nyumba iwe na masufuria matatu. Chungu ni kile kile. Kipimo ndicho kinachobadilika. Mkubwa na ajipakulie wali robo ya sahani, samaki au maharagwe robo, na mboga nusu nzima. Mdogo aongezewe maini na ndimu. Mama apewe bakuli lake la mtindi. Kaimati za shira zibaki za siku maalumu, hata Ramadhani, ambapo wengi wetu hufuturu kwa sukari juu ya sukari. Na anayetumia dawa za sukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wala asiache dawa kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Lakini kipimo cha chakula hakijulikani kabla ya kujulikana maradhi. Hedhi ikikosekana kwa zaidi ya siku 90 na hakuna mimba, haifai kungoja. Daktari atauliza historia, atapima homoni na tezi ya shingo, atapima sukari, na pengine atatazama ovari kwa mashine. PCOS ikiachwa hufungua mlango wa kisukari, na hedhi isiyokuja kwa muda mrefu huacha ukuta wa uzazi ukue bila kumwagika, jambo ambalo huweza kuzaa saratani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapa twamgeukia mume, na mavyaa pia. Tunajua maneno yasemwayo jikoni mwaka wa tatu ukipita bila mtoto, na tunajua ndoa zilizovunjika kabla hata kipimo kimoja hakijachukuliwa. Tatizo la uzazi laweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Basi na waende wote wawili. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa wakipata matibabu, na aliyefundishwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake hana sababu ya kukata tamaa wala kumkatisha mwenziwe.

Ijumaa ijayo sinia likiteremshwa, mama na amtazame kila binti yake kabla ya kumsogezea wali. Asiulize tu kama ameshiba. Amuulize, wakiwa peke yao, mwezi wake unakwendaje. Huenda binti amelingoja swali hilo kwa miaka.