Nani Anahesabu Kikohozi cha Garissa?

Mwaka 2006 na 2007, Kenya ilipoanza kufuatilia kwa mpangilio wagonjwa wanaolazwa kwa mafua makali na nimonia, Garissa ilikuwamo. Hospitali ya mkoa, ambayo baada ya ugatuzi imekuwa hospitali ya rufaa ya kaunti, iliwekwa kwenye orodha moja na zile za Mombasa, Nakuru, Nyeri, Embu na Kakamega. Kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma zikaongezwa. Siku hizo dunia ilikuwa na hofu ya mafua ya ndege, na Wizara ya Afya, pamoja na taasisi ya utafiti wa kitabibu KEMRI na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, ilitaka kujua ni virusi gani hasa vinavyowalaza Wakenya.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mgonjwa aliyelazwa akiwa na kikohozi, na homa ya nyuzi 38 au zaidi iliyoanza ndani ya siku 10, huingizwa kwenye daftari. Kijiti chenye pamba hupitishwa puani, kingine kooni, kisha hutiwa kwenye kichupa chenye maji maalumu na kuhifadhiwa kwenye baridi. Baada ya hapo ni safari ya zaidi ya kilomita 350, kupitia Mwingi na Thika, hadi maabara za Nairobi, ambako kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi. Kwa joto la Garissa, baridi ikipotea njiani, sampuli huharibika, na mgonjwa huyo hupotea kwenye hesabu ingawa alikuwa kitandani.

Matokeo ya Dadaab na Kakuma ya mwaka 2007 hadi 2010 yalionyesha kwamba jasho hilo halikwenda bure. Kati ya maelfu ya sampuli zilizopimwa, takriban nusu zilikuwa na angalau kirusi kimoja. Kirusi cha homa ya mafua kilikuwa kimoja tu kati ya vingi: kulikuwa na virusi vya adeno, vya parainfluenza, na kile kinachoitwa RSV.

RSV inastahili kujulikana Bulla Iftin na kila mtaa wa Garissa wenye watoto wachanga. Kwa mtu mzima mwenye afya huja kama mafua ya kawaida na kupita. Kwa mtoto wa wiki chache huvimbisha na kuziba mirija midogo ya mapafu, mpaka kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Makadirio ya dunia ya mwaka 2019 yanasema kirusi hiki kiliwaua watoto wapatao 101,000 wa chini ya miaka mitano, karibu nusu yao hawajafikisha miezi sita. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kinaingiaje nyumbani? Watafiti wa Kilifi walilifuata swali hilo hadi uani. Mwaka 2009 na 2010 walizitembelea kaya 47 mara mbili kwa wiki, kwa takriban miezi sita, wakipima pua za wote, wagonjwa na wazima. Mara nyingi aliyekileta ndani alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa anayesoma shule. Nyumba nyingi za Garissa zina watoto wengi wanaolala chumba kimoja, kwa hiyo habari hiyo inazihusu moja kwa moja.

Lakini kuhesabu sampuli chanya hakutoshi. Ili kuujua mzigo wa ugonjwa, lazima pia kujua wagonjwa hao wametoka katika watu wangapi, na hapa Kaskazini Mashariki hesabu hukwama. Matokeo ya sensa ya 2009 yalifutwa katika wilaya kadhaa za eneo hili, Lagdera ikiwa mojawapo. Sensa ya 2019 iliipa kaunti ya Garissa watu 841,353, na takwimu za eneo hili zikafikishwa mahakamani. Huwezi kusema ni watoto wangapi katika kila elfu wanaolazwa ikiwa hiyo elfu yenyewe ina mgogoro.

Kwa sababu hiyo, makadirio ya taifa yameegemea zaidi data za Siaya, ambako watu wamefuatiliwa kwa miaka mingi, kisha yakarekebishwa kwa kila eneo kulingana na utapiamlo, msongamano, moshi wa jikoni na jinsi watu wanavyotafuta matibabu. Ni mbinu ya busara. Hata hivyo, inamaanisha kwamba mtoto wa Garissa anahesabiwa kwa kumtazama mtoto wa Siaya, aliye katika mazingira mengine kabisa. Garissa ina majira yake, Jilaal ya ukame, Gu ya masika, Hagaa ya upepo na Deyr ya vuli, na ina familia zinazohama na mifugo mbali na zahanati yoyote. Anayefariki huko huzikwa haraka, kama dini inavyoelekeza, na kirusi kilichomuua hakiandikwi popote.

Watu wazima wamesahaulika zaidi. Mzee anayeugua RSV huenda asiwe na homa kabisa, na kwa hiyo hafikii kigezo cha nyuzi 38. Kwa wagonjwa ambao ni watu wazima, eneo hili lina sifa ya pekee katika vita dhidi ya kifua kikuu: manyatta za TB zilianzishwa ili wafugaji wakae karibu na hospitali wakati wa matibabu. Ni kazi kubwa. Ila mtu mzima anayekohoa, makohozi yake yakipimwa na TB isionekane, mara nyingi hurudi nyumbani bila ugonjwa wake kupewa jina. Mwenye pumu, kisukari au moyo dhaifu anahitaji zaidi ya kipimo cha TB.

Maamuzi yanayosubiri takwimu hizi yako karibu. Mwaka 2016 kamati ya taifa inayoishauri serikali kuhusu chanjo iliomba ushahidi zaidi wa gharama na manufaa ya kuwachanja watoto wa miezi 6 hadi 23 dhidi ya homa ya mafua. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo ya RSV inayotolewa kwa mama mjamzito, ambayo humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa. Kupanga ni dozi ngapi zipelekwe Garissa, na mwezi gani, kunahitaji takwimu za Garissa yenyewe: sampuli zinazochukuliwa mwaka mzima, watu wazima wakiwamo, na sensa ambayo wananchi na serikali wanaikubali.