Buibui Katika Mashua

Mtu asafiriye kwa mashua kutoka Kalemie kwenda Moba huogopa mawimbi, huogopa na upepo wa kusini. Lakini ni nani afikiriye kuogopa buibui? Sisi pia hatukumfikiri, mpaka siku ile injini ilipozimika, nasi tu mbali na pwani, na mashua imejaa watu na magunia ya unga. Nahodha akavuta kamba mara nyingi. Injini ikakohoa, kisha ikanyamaza. Mawimbi yakaanza kutugeuza ubavu. Akina mama wakashika rozari, watoto wakalia.

Mwishowe kijana msaidizi akafungua kifuniko cha tangi la petroli, na mara injini ikawaka. Tulipofika bandarini alichunguza bomba jembamba la kupitishia hewa ya tangi, akachomoa kwa kijiti kitu cheupe, laini kama pamba. Kumbe ni nyumba ya buibui!

Wanafunzi wataelewa upesi sababu yake. Toboeni tundu moja tu katika kopo la mafuta ya mawese, mkaliinamishe: mafuta hutoka kwa shida, kwa kuwa hewa haina njia ya kuingia. Toboeni la pili, nayo yatamiminika vizuri. Ndivyo lilivyo tangi la injini. Petroli ikipungua, sharti hewa iingie mahali pake. Hewa ikizuiwa, petroli haishuki, na injini hufa kwa njaa ingawa tangi limejaa.

Basi buibui hawa hutoka wapi? Wengine hupita juu ya kamba ya kufungia mashua, au hushuka kutoka matete yanayoigusa. Wengine huja kwa njia ya ajabu zaidi. Buibui mchanga hupanda mahali pa juu, huinua tumbo lake, hutoa nyuzi nyembamba sana, na upepo humchukua. Mwaka 1832 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin, akiwa katika merikebu Beagle karibu na Amerika ya Kusini, aliona buibui wadogo wengi wametua juu ya kamba za merikebu, na nchi kavu ilikuwa mbali kama kilometa 100. Kwa hiyo hakuna mashua iwezayo kujisifu kwamba buibui hawataifikia kamwe.

Lakini kufika si kukaa. Buibui hukaa mahali apatapo chakula na maficho. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa ndakala huvua usiku kwa taa. Taa ile ile iwaitayo samaki huwaita pia mbu, nondo na wadudu wengine wengi, na buibui huwafuata wadudu. Tena nyufa za mbao zampa nyumba ya kujificha mchana. Ndiyo sababu atakayeua buibui tu, bila kuondoa chakula na maficho, atawaona wengine juma lijalo.

Hapa tuseme neno moja la haki. Buibui si adui wa mwanadamu. Hana miguu 6 kama wadudu, bali 8. Wengi wao hawawezi kutudhuru, nao huwala mbu waletao malaria. Aliyemwumba alimpa kazi yake. Akikaa katika matete, mwacheni. Sisi twataka tu asikae penye injini, chakula na abiria.

Wenye mashua wafanye hivi. Kwanza, wakifika pwani wazime kila taa isiyo na kazi. Ikihitajiwa taa ya kulinda, iwe ya rangi ya manjano kuliko nyeupe, maana ile huvuta wadudu wachache zaidi, tena itundikwe mbali na mashua. Pili, wafyeke majani na matete yanayogusa mbao. Tatu, kila asubuhi wafagie tando zote, hata chini ya viti na nyuma ya mbavu za mashua, ndizo mataruma. Watafute vifuko vya mayai, vilivyo kama vidonge vya hariri. Kifuko kimoja chaweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Kwa hiyo wasivitupe sakafuni, bali wavichome moto nchi kavu, mbali na petroli. Nne, waoshe mbao kwa maji na sabuni, kisha wakalafati nyufa zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mashua ufa huingiza maji pamoja na buibui.

Tano, nalo ndilo kubwa kwa usalama: mdomo wa bomba la hewa ufunikwe kwa wavu wa waya mwembamba sana, upitishao hewa lakini si buibui. Usizibwe kamwe kwa kitambaa wala kwa kizibo. Kabla ya kila safari nahodha autazame, kama atazamavyo petroli yake.

Je, dawa ya kuua wadudu? Wengi huikimbilia, nasi twawasihi waiache. Hata ile itokayo katika maua ya pareto, yaliyolimwa sana katika milima ya Kivu, ni sumu kali kwa samaki. Dawa inyunyizwayo ndani ya mashua huoshwa na mvua na mawimbi, ikaingia ziwani. Na ziwa hili lina aina nyingi za samaki zisizopatikana mahali pengine po pote duniani. Tena ni maji ya kunywa na kupikia ya jamaa nyingi. Ni nani atakayetia sumu katika mtungi wa mama yake kwa ajili ya buibui?

Fagio, sabuni, kalafati na kipande cha wavu ni vitu vya bei ndogo. Kinachohitajiwa zaidi ni moyo wa kuifanya kazi ile ile kila siku, hata siku ambayo hakuna utando unaoonekana. Nahodha apokeaye abiria amekabidhiwa baba na mama na watoto wa watu. Mungu atamwuliza habari zao. Nanyi wanafunzi, Jumamosi mtakapokwenda kumsaidia baba pwani, anzeni na lile bomba dogo.