Dawa ya Moto ni Moto? Kidonge Kitamu Mbele ya Kisu cha Daktari

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Methali hii twaitumia katika ugomvi na mashindano, na aghalabu anayeitamka huwa amekwisha kukunja mikono ya kanzu. Walakini zaidi ya miaka 200 iliyopita alikuwapo tabibu mmoja wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyejenga elimu nzima ya tiba juu ya fikira kama hiyo. Elimu hiyo ndiyo iitwayo homeopathia. Vidonge vyake, vidogo, vyeupe na vitamu, vimeenea kutoka Ulaya hadi Bara Hindi, na Kenya navyo vimefika.

Miongoni mwa watu wanaoshauriwa kuvitumia ni wagonjwa wanaongojea kupasuliwa. Wafuasi wa tiba hiyo husema: meza kidonge cha arnika kabla ya kisu, umeze tena baada yake, na uvimbe utashuka, maumivu yatapungua na kidonda kitafunga upesi. Maneno hayo ni matamu kama kidonge chenyewe. Je, yana ukweli?

KWA NINI KITUI

Swali hili twaliuliza tukiwa tumeelekeza uso Kitui, na msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa sana sababu yake. Ni nani asiyepata kuona, juu ya nguzo ya umeme au ukutani, kibao kilichoandikwa "Mganga kutoka Kitui" pamoja na nambari ya simu? Jina la Kitui limekuwa kama muhuri. Likigongwa juu ya dawa, dawa huaminiwa kabla ya kuonjwa.

Sifa hiyo ina mizizi mirefu. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani, na mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, Kivoi, alivuma hata mmisionari Ludwig Krapf akafunga safari kumwendea mwaka 1849. Pamoja na bidhaa husafiri habari, na pamoja na habari husafiri sifa za waganga. Siku hizi safari imekuwa nyepesi. Mtu wa Mombasa akifika Kibwezi hukunja kona, akapita Ikutha na Mutomo kwa barabara ya lami, akaingia Kitui.

Tena Kitui ndiko alikozaliwa, mwaka 1931, mwanachuoni John Mbiti, aliyeandika kwa urefu habari za dini na mila za Waafrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliwatetea waganga wa jadi, akasema kuwa wageni waliwaonea kwa kuwachanganya na wachawi. Mganga, ambaye kwa Kikamba huitwa mundu mue, humketisha mgonjwa, humsikiliza, na humuuliza habari za nyumba yake, za jirani zake na za usingizi wake. Hatazami mguu au tumbo peke yake. Humtazama mtu mzima.

Jambo hili tulishike, kwani litatufaa mbele. Mtaalamu wa homeopathia naye huketi na mgonjwa kitako. Humuuliza kama apenda joto au baridi, kama huota ndoto mbaya, kama apenda chumvi au sukari. Mgonjwa aliyepanga foleni hospitalini tangu alfajiri, akaonana na daktari kwa dakika chache tu, hapati kulaumiwa akitoka kwa mtu wa namna hiyo akijihisi ana nafuu. Ameheshimiwa. Lakini kuheshimiwa ni jambo moja, na kutibiwa ni jambo jingine.

TONE MOJA KATIKA BAHARI

Tuitazame basi dawa yenyewe. Mwaka 1790 Hahnemann alijaribu gome la mti wa kwinini mwilini mwake, akiwa hana homa, akaona dalili zilizomkumbusha homa ya malaria. Akakata shauri kwamba kitu kimtiacho mtu mzima dalili za ugonjwa ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mwaka 1796 akaitangaza fikira hiyo, na mwaka 1810 akaitolea kitabu.

Kwa kuwa vitu vingine alivyovitumia vilikuwa sumu, alianza kuvizimua kwa maji au spiriti. Ndipo akaja na neno la pili, la ajabu kuliko la kwanza: kwamba dawa kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa, ndivyo nguvu zake zinavyozidi.

Njia yenyewe ni hii. Chukua tone moja la dawa, ulitie katika matone 99 ya maji, utikise. Kisha chukua tone moja la mchanganyiko huo, ulitie katika matone mengine 99. Endelea hivyo mara 30, nawe utakuwa umepata dawa ambayo kibandiko chake huandikwa 30C. Arnika ya wagonjwa wa upasuaji aghalabu huwa ya kiwango hicho.

Msomaji na apige hesabu. Ukifika mara ya 13 tu, ni sawa na kutia tone moja katika maji mengi kuliko bahari zote za dunia, ya kwetu ya Hindi ikiwamo. Bado mara 17. Wanakemia watuambia kwamba baada ya mara ya 12 hakuna tamaa ya kubaki hata chembe moja ya dawa ya mwanzo. Kinachotonwa juu ya kidonge ni maji au spiriti, na kidonge chenyewe ni sukari.

Wenyewe hujibu kwamba maji yana kumbukumbu, huhifadhi alama ya kitu kilichopita ndani yake. Lakini maji ya kisima yamepitiwa na mengi: majani, udongo, kutu ya ndoo, hata miguu ya ng'ombe. Hawajatueleza kwa nini yaikumbuke arnika na kuvisahau vingine vyote.

KILICHOPIMWA NA KUONEKANA

Mtu aweza kusema, tusibishane juu ya namna inavyofanya kazi, tutazame kama wagonjwa hupona. Ni neno la haki, nalo limefanyiwa kazi.

Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 73 waliotolewa kizazi kwa upasuaji. Baadhi walipewa arnika ya 30C, wengine wakapewa vidonge vya mfano wake visivyo na kitu, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Maumivu ya makundi yale mawili hayakutofautiana. Mwaka 2003 yakatoka matokeo mengine, ya wagonjwa 64 waliopasuliwa kifundo cha mkono. Uvimbe, kuvilia kwa damu na maumivu vilikuwa vile vile, wa arnika na wa vidonge vya bure.

Insafu yatutaka tuseme pia kwamba yapo majaribio madogo, hasa ya upasuaji wa pua na uso, yaliyodai kuona nafuu kidogo. Lakini mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipokusanya majaribio 176 ya homeopathia kwa maradhi namna namna, lilikata kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kuwa tiba hiyo huuponya.

Mbona basi watu huapa kwamba imewafaa? Jibu lake si gumu. Mwili wa binadamu una fundi wake wa ndani. Damu iliyovilia chini ya ngozi hubadilika kutoka nyeusi ikawa kijani, kisha manjano, kisha ikatoweka, na mara nyingi kazi hiyo haizidi wiki 2 au 3. Uvimbe hupanda siku za mwanzo, halafu hushuka. Aliyemeza kidonge siku uvimbe ulipokuwa juu, kesho kutwa akauona umeshuka, hukisifu kidonge. Jogoo naye huwika, jua likachomoza.

HATARI ILIPO

Hapa msomaji ataniuliza: ikiwa ni sukari tu, ina dhara gani? Mwache bibi ameze, moyo wake utulie.

Kwa kidonge kimoja cha sukari, kwa mtu ambaye hata hivyo anakwenda kupasuliwa na kufuata maneno ya daktari, dhara ni dogo. Hatari haimo katika kidonge. Imo katika kile kinachoachwa kwa ajili yake.

Tuseme mzee wa Mutomo ana ngiri. Daktari amempa tarehe ya upasuaji. Jirani anamjia na kumwambia, "Mzee wangu, ya nini kukatwa? Kuna vidonge vya kuiyeyusha." Mzee anafurahi, tarehe inapita. Usiku mmoja utumbo unabanwa mle ndani, damu haipiti. Ngiri iliyobanwa namna hiyo haitaki siku, yahesabu saa. Utumbo ukifa, mwenyewe humfuata. Kwa mtu aliye mbali na chumba cha upasuaji, saa hizo ndizo asizokuwa nazo. Hali kadhalika mama aliyezaa kwa kupasuliwa, ambaye mshono wake umeanza kuwa mwekundu na kutoa usaha, akaambiwa aache dawa za hospitali atumie matone. Usaha hausikii matone.

Haya si mambo ya kubuni tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu, Wakenya wakiwamo, walimiminika Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wako waliotolewa wodini ili wapelekwe huko, na wako waliokufa wakiwa foleni. Kikombe kile kilikuwa cha mti, si cha homeopathia, lakini funzo ni moja. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani nalo lilionya kwamba homeopathia isitegemewe kwa malaria, kifua kikuu, ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga.

DAWA TUPU NA DAWA KALI

Liko jambo jingine linalopotosha wengi, Kitui na pwani vile vile. Watu hutia vitu vyote katika kapu moja na kuliita dawa za asili: kidonge cha homeopathia, mizizi ya mganga, mwarobaini, habasoda, kitunguu saumu, shubiri. Kumbe ni vitu viwili mbalimbali kama usiku na mchana. Kidonge cha 30C hakina kitu ndani yake. Mti wa mganga waweza kuwa na kitu, tena kikali. Kwinini yenyewe ilitoka katika gome la mti.

Na mbele ya kisu, ule wenye nguvu ndio wa kuogopwa zaidi. Kitunguu saumu na tangawizi, vikitumiwa kwa wingi kama dawa, vyaweza kuifanya damu ikawie kuganda. Shubiri huharisha, na kuhara hupunguza maji na chumvi mwilini. Miraa na muguka huuendesha moyo mbio, na daktari wa usingizi anayetaka kukupa nusukaputi hapendi kukutana na moyo uliokwisha kukimbizwa. Hata hijama iliyofanywa karibuni ni habari ya kumweleza daktari, kwani imetoa damu na kuacha michanjo. Madaktari wa usingizi wa Marekani hushauri mitishamba iachwe yapata wiki 2 kabla ya upasuaji.

Kwa msomaji Muislamu kuna la ziada. Matone mengi ya homeopathia yametengenezwa kwa spiriti, yaani kileo, na mara nyingi muuzaji halisemi jambo hilo asipoulizwa. Anayejali na asome kibandiko, kisha awaulize wenye elimu ya dini. Tena mgonjwa aliyeambiwa asile kitu kabla ya nusukaputi asidhani kidonge cha kuyeyusha chini ya ulimi hakihesabiwi. Kila kinachoingia kinywani saa hizo kiwe kwa idhini ya daktari.

AFANYEJE MGONJWA?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za jadi na tiba mbadala, na yataka kiwepo chombo cha kuzisimamia. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kuketi kando ya kitanda cha kila mgonjwa.

Kwa hiyo anayekwenda kupasuliwa, busha liwe au kidole tumbo, na achukue kila chupa, kila pakiti na kila mzizi anaoutumia, auweke mbele ya daktari. Asione haya. Na daktari naye asimcheke wala asimkemee, kwani mgonjwa aliyekemewa leo kesho huficha. Mganga wa Kitui humpata mgonjwa kwa sababu humsikiliza. Hospitali ikijifunza hilo moja tu kwake, wengi hawatakuwa na haja ya kutafuta kidonge kitamu.

Anayeambiwa kwamba vidonge vitamwondolea haja ya kisu na aulize maswali mawili: vimepimwa wapi, na nikingoja, nini kitanipata? Akikosa jibu la swali la kwanza, la pili amwulize daktari kabla tarehe haijapita.

Nyumbani, baada ya upasuaji, homa ikipanda, mshono ukitoa usaha au tumbo likifura, njia ni moja, kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Wahenga wamekwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.