Ni Nyati au Ng'ombe?

Nyama ikiwa bado na ngozi, kwato au pembe, hata mtoto wa Maneromango ataitambua. Ikishachanwa, ikatiwa chumvi na kubanikwa, mambo ni mengine.

Tuchukue mfano. Gari la mkaa limetoka vijijini Kisarawe, likapita Mzenga, na sasa limesimamishwa Mlandizi, wilayani Kibaha. Chini ya magunia kuna kimoro. Askari wa wanyamapori anasema ni nyati. Dereva anaapa kuwa ni ng'ombe wa harusi. Mmoja wao amekosea, na kosa hilo laweza kuwa miaka gerezani.

Hapo ndipo vinasaba vinapofaa. Kila chembe ya nyama imebeba maandishi ya urithi wa mnyama wake. Chumvi na moshi huyaharibu kiasi, lakini mara nyingi haviyamalizi. Mtaalamu huchukua kipande kidogo tu, hutoa vinasaba, hurudufu sehemu fulani mara mamilioni kwa mashine, kisha hulinganisha na wanyama wanaojulikana. Jibu laweza kumfunga dereva. Laweza pia kumrudisha nyumbani kwake.

Kwa pembe za ndovu elimu hii imekwenda mbali zaidi. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichora ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika, kwa sehemu kubwa kutokana na mavi yao. (Naam, mavi, hayahitaji bunduki ya usingizi.) Mwaka 2015 walitangaza kuwa pembe nyingi za tembo wa nyika zilizonaswa katika shehena kubwa tangu 2006 zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Selous imo humo. Nchini mwetu tembo walikuwa wameshuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014.

Lakini turudi Mlandizi, maana maabara haijui gunia lilikuwa la nani. Nyama huoza, na huteketezwa kwa amri ya hakimu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kuwa mtuhumiwa awepo na asikilizwe kabla ya amri hiyo. Basi kipande kikatwe mapema, mbele yake, kitiwe lakiri, na kila anayekipokea aandikwe. La sivyo, hata vinasaba vikisema nyati, wakili atauliza swali moja tu: huyu nyati ndiye aliyetoka katika gari la mteja wangu?