Yuko Wapi Mwenzetu?

Mazungumzo ya redio. Masomo: Danieli 2:17-18 na 49, 2 Samweli 9

Leo twazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona, na wengine mtaliona siku si nyingi. Ni habari ya watu waliosoma pamoja chuoni wakiwa vijana, wakaachana kila mtu akashika njia yake, na baada ya miaka thelathini au arobaini wakatafutana na kukutana tena.

Siku hizi mikutano ya namna hii imekuwa mingi. Waalimu waliotoka chuo kimoja hukutana, wauguzi hukutana, wachungaji na mafundi vivyo hivyo. Huchinja mbuzi, hupiga picha, huitana kwa majina ya utani ambayo hata watoto wao hawajapata kuyasikia. Ni jambo jema, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini katika kila mkutano wa namna hii kuna watu ambao hawakuja, na mara chakula kinapokwisha kuliwa, mtu mmoja huuliza: Yule mwenzetu yuko wapi? Mara nyingi hakuna ajuaye. Basi swali hilo ndilo letu leo.

WATU HUPOTEANAJE?

Hebu tutazame kwanza mfano mkubwa wa hapa kwetu. Tangu mwaka 1963 hata 1970, Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo tangu 1964 ni sehemu ya Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo hicho kilikuwa na sehemu tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na masomo makubwa yaligawanywa. Mwanzoni, aliyetaka kuwa daktari wa watu alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikuja Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana wa Nyeri aliweza kukaa bweni moja na kijana wa Moshi na kijana wa Gulu, wakaazimana vitabu, wakala meza moja.

Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa kikawa vyuo vikuu vitatu. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90 tu za kuondoka, na katika miaka ya utawala wake wasomi wengi wa Uganda waliuawa au walikimbilia nchi nyingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Hivyo watu waliokuwa wakipitishiana chumvi mezani walitengwa kwa mambo ambayo wao wenyewe hawakuyatenda. Ilipofika mwaka 1999 mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi, lakini wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kuwa wazee wenye mvi.

Lakini si wote waliopoteana kwa sababu ya vita na mipaka. Wengi wetu tulipoteana kwa mambo madogo. Katika nchi yetu barua kwa kawaida haiendi nyumbani kwa mtu. Huenda katika sanduku la posta. Mwalimu aliyetoka chuoni alitumia sanduku la shule aliyopangiwa. Baada ya miaka mitatu Tume ya Kuwaajiri Waalimu, iliyoundwa mwaka 1967, ilimhamisha wilaya nyingine. Barua ya rafiki yake ilifika, ikawekwa dirishani katika ofisi ya mwalimu mkuu, ikakaa hapo hata karatasi ikageuka rangi. Aliyeandika alingoja jibu, akadhani amesahauliwa, naye akaacha kuandika.

Tena wako dada zetu. Chuoni walijulikana kwa majina ya baba zao. Walipoolewa wengi walichukua majina ya waume zao, wakahamia kwingine. Leo wenzao wakitafuta jina la zamani hawalioni popote, ingawa yule dada huenda anakaa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo ni aibu. Waliomaliza siku moja hawakupanda sawa. Mmoja amekuwa mkurugenzi. Mwingine alipoteza kazi wakati wafanyakazi wa serikali walipopunguzwa miaka ya 1990. Mwingine alishikwa na pombe, mwingine ndoa yake ilivunjika, mwingine ameuza shamba ili amtibu mtoto. Mtu kama huyo apatapo mwaliko, husoma kwanza bei ya chakula na jina la hoteli. Kisha hujibu kwamba siku hiyo ana shughuli. Shughuli hana, ana viatu vilivyopasuka. Wenzake husema, "Huyu amejitenga mwenyewe," na jina lake halitajwi tena.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Huenda mtu akauliza: Ya nini kuwatafuta watu wa zamani, nasi tuna majirani na jamaa na kanisa? Neno hili lafaa kujibiwa.

Wanaochunguza kumbukumbu za wanadamu wameona kwamba mtu mzima aulizwapo juu ya maisha yake, hukumbuka kwa wingi kuliko kawaida mambo ya umri wa kama miaka kumi hata thelathini. Ndiyo sababu mzee asiyekumbuka alikula nini juzi aweza kukuambia kitanda cha kila mtu bwenini. Mwenzako wa chuo ni shahidi wa miaka ile. Alikujua kabla hujapata cheo, na kabla hujapata mashaka uliyo nayo. Kwake huna haja ya kujieleza.

Tena kuna uchunguzi mmoja mashuhuri ulioanza Marekani mwaka 1938. Wataalamu waliwachagua wanafunzi 268 wa chuo cha Harvard, wote wanaume, mmoja wao akiwa John F. Kennedy ambaye baadaye alikuwa rais. Waliendelea kuwauliza habari zao miaka kwa miaka hata uzee: afya, kazi, ndoa na marafiki. Vijana 456 kutoka mitaa maskini ya mji wa Boston walichunguzwa pia, ili wasiangaliwe wenye bahati peke yao. Mwaka 2015 daktari Robert Waldinger, anayeongoza kazi hiyo, alieleza waliyoyaona. Waliokuwa na uhusiano mwema na watu walipofika umri wa miaka 50, ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika miaka 80. Jambo hilo lilionyesha hali ya uzee wao vizuri kuliko kipimo cha mafuta katika damu.

Na kwa wale wanaoogopa kuandika baada ya kunyamaza muda mrefu, kuna neno la kutia moyo. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walitoa habari za majaribio yaliyohusu watu zaidi ya 5,900. Waliona kwamba mtu anayemtumia mwenzake salamu hudhani zitapokelewa kwa furaha ndogo, kumbe mpokeaji hufurahi kuliko alivyodhaniwa. Na kadiri salamu zisivyotazamiwa, ndivyo anavyozithamini zaidi. Basi, ndugu, ule woga unaokuambia, "Atashangaa, miaka imepita mingi," haukuambii kweli yote. Atashangaa, ndiyo, na atafurahi.

DANIELI NA DAUDI

Biblia nayo ina habari za watu waliosoma pamoja. Danieli na wenzake watatu walichukuliwa mateka hata Babeli, wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo muda wa miaka mitatu. Hata majina yao yalibadilishwa. Walipomaliza masomo walisimama mbele ya mfalme, kila mmoja na kazi yake. Ndipo ilipokuja hatari ya kuuawa, na Danieli akaenda nyumbani akawaeleza wenzake ili waombe pamoja. Angalieni jambo moja dogo. Katika mstari ule wa 17 wenzake hawatajwi kwa majina waliyopewa Babeli, bali kwa majina ya kwao: Hanania, Mishaeli na Azaria. Na Danieli alipopandishwa cheo hakuwasahau. Mstari wa 49 waonyesha kwamba aliwaombea kazi kwa mfalme. Walishirikiana katika hofu, wakashirikiana katika heshima pia.

Habari ya pili ni ya Daudi. Rafiki yake Yonathani alikuwa amekufa, na miaka ilikuwa imepita. Daudi, akiwa mfalme, aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Akaambiwa yuko Mefiboshethi mwana wa Yonathani, anakaa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine, naye ni kiwete wa miguu yote miwili. Je, Daudi alituma mwaliko tu, aje akipenda? La. Alituma watu wakamchukue. Kiwete hakuweza kufika kwa miguu yake, na mfalme alijua hivyo. Kisha akamweka mezani pake, si kwa siku moja, bali daima.

Wapendwa, hapo ndipo penye fundisho. Katika kila darasa wako ambao hawawezi kufika wenyewe. Mmoja hana nauli, mwingine hana afya, mwingine hana moyo wa kuonekana. Kuwatumia tangazo hakutoshi. Hatuna budi kuwaendea.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa wale wanaofikiri kuwakusanya wenzao, ninayo mashauri machache.

Kwanza, andikeni orodha ya wote, si ya wale mnaoonana nao tu. Chukueni picha ya zamani mliyopigwa pamoja, mtaje kila uso. Kwa kila dada andikeni jina la zamani na la sasa. Asiyejulikana aliko, ulizeni kanisani kwao, kwa chifu wa kwao, au kwa mwalimu wenu mzee kama angali hai.

Pili, angalieni sana habari ya fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kuchanga kumekuwa rahisi, lakini vikundi vingi huandika jina la mtu na kiasi alichotoa mbele ya wote. Aliyetoa shilingi mia mbili huona jina lake likiwa chini ya yule wa elfu ishirini, naye hatarudi. Mchagueni mtunza hazina mmoja mwaminifu, awajulishe jumla peke yake. Kumbukeni Bwana Yesu alivyohesabu zile senti mbili za mjane.

Tatu, vikundi vya WhatsApp vina faida kubwa, lakini si kila mtu ana simu ya namna hiyo. Mwekeni mtu mmoja awe akiwapigia simu wale wasio nayo. Tena wakati wa uchaguzi siasa zisiingizwe humo, kwa maana urafiki wa miaka arobaini waweza kuvunjika kwa maneno ya jioni moja.

Nne, wakumbukeni waliokufa. Siku ya mkutano someni majina yao yote. Mwalikeni mjane, au mtoto wa marehemu. Mtoto huyo atasikia habari za ujana wa baba yake au mama yake ambazo hakuna mwingine awezaye kumpa.

Tano, nendeni wawili wawili kwa yule aliyekataa kuja. Msiende na kamera, wala msieleze kikundini mliyoyaona nyumbani kwake. Kaeni, mnywe chai, mwongee. Akisema bado hayuko tayari, mheshimuni. Kumtafuta mtu si kumwinda. Lakini ajue kwamba nafasi yake ingalipo.

Methali yasema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika mambo ya biashara na baraza huenda ni kweli. Lakini kati ya watu waliokula pamoja wakiwa vijana isiwe hivyo. Kama mmoja wenu hayupo, neno lake na liwepo kwa sababu ninyi mpo. Juma hili, kabla hatujakutana tena kwa redio, likumbuke jina moja ambalo hujalitaja kwa miaka mingi. Muulize mtu habari zake. Ukipata namba yake, mpigie.

Na tuombe. Ee Baba, unayewajua wote kwa majina yao, twawakumbuka wale tuliosoma nao. Walio mbali uwalinde, walio katika taabu uwainue, nasi utupe miguu ya kuwaendea. Amina.